Uamuzi na kasi ya mwitikio: Siri ya ustadi wa mwili mtoni, barabarani na uwanjani

MTU anayevuka Mto Tana kwa mtumbwi karibu na Garsen huwa na mengi ya kutazama kwa wakati mmoja. Maji hubadilika rangi penye fungu la mchanga. Kisiki kilichozama huacha kiwimbi chembamba juu yake. Gogo linaloelea huenda likawa gogo, na huenda likawa mamba. Mvushaji mzoefu hupiga kafi mara mbili upande mmoja, chombo kikapita salama, na abiria wasitambue kwamba palikuwa na hatari yoyote. Mgeni akikabidhiwa kafi lilo hilo, hata awe na misuli minene zaidi, hugonga kisiki ambacho amekwisha kukiona kwa macho yake.

Tofauti kati ya watu hao wawili haiko mikononi pekee. Iko pia katika muda mfupi unaopita kati ya jicho kuona na mkono kutenda. Katika muda huo, ambao aghalabu haufiki hata sekunde moja, ubongo hutambua kilichopo mbele, huchagua la kufanya na kuandaa amri kwa misuli. Wataalamu wa saikolojia na sayansi ya michezo wameuchunguza muda huo kwa zaidi ya miaka 150. Waliyogundua yanamhusu mwanariadha wa Kasarani, lakini yanamhusu vilevile dereva wa basi liendalo Lamu, mwendeshaji bodaboda wa Minjila na mama anayeteka maji ukingoni mwa mto.

Muda wa mwitikio ni nini?

Muda wa mwitikio ni kipindi kinachoanzia pale ishara inapotokea hadi pale mwili unapoanza kusogea. Hauhusishi mwendo wenyewe. Mlinda lango anapouona mpira ukipigwa, muda wa mwitikio humalizika mara tu mguu wake unapoanza kusukuma ardhi. Kuruka kwake hadi kwenye mlingoti ni muda mwingine, uitwao muda wa mwendo.

Kwa kijana mwenye afya anayesubiri ishara moja tu na anayejua atafanya nini, mwitikio kwa kitu anachokiona huchukua takriban sekunde 0.2. Kwa sauti huwa mfupi kidogo, karibu sekunde 0.15, kwa kuwa sikio huifikishia ubongo habari upesi kuliko jicho.

Ndani ya muda huo mdogo hufanyika kazi tatu. Kwanza, ubongo hutambua ishara: hilo ni gogo au ni mamba? Pili, huchagua jibu: nipige kafi kushoto, kulia, au nisimame? Tatu, hupanga mwendo wenyewe: misuli ipi ianze, kwa nguvu kiasi gani na kwa mpangilio upi. Kuchelewa katika hatua yoyote kati ya hizo huonekana mwishoni kama uzito wa mkono, ilhali mkono hauna kosa lolote.

Asili ya utafiti

Hadi katikati ya karne ya 19, wasomi wengi wa Ulaya waliamini kwamba habari husafiri katika mishipa ya fahamu kwa kasi isiyoweza kupimika. Mmoja wao alikuwa Mjerumani Johannes Müller, bingwa wa elimu ya mwili. Ni mwanafunzi wake mwenyewe, Hermann von Helmholtz, aliyeipindua imani hiyo mnamo 1850. Kwa kutumia mshipa na msuli wa chura, Helmholtz alionyesha kwamba habari hiyo husafiri kwa kasi ya takriban mita 27 kwa sekunde. Katika mishipa ya binadamu iliyo na kasi kubwa zaidi, mwendo huo waweza kufikia mita 120 kwa sekunde. Ni kasi kubwa, lakini ni kasi yenye kikomo.

Mnamo 1868, Mholanzi Franciscus Cornelis Donders wa Utrecht alikwenda mbali zaidi. Alitaka kujua uamuzi wenyewe huchukua muda gani. Watu aliowapima walipitishiwa mshtuko mdogo wa umeme mguuni, nao wakaitikia kwa mkono wa upande ule ule. Mara nyingine walijua mapema mguu utakaoguswa. Mara nyingine hawakujua. Pale wasipojua, walichelewa kwa takriban sehemu moja ya 15 ya sekunde. Donders alitoa muda mmoja kwenye mwingine na kusema kwamba tofauti hiyo ndiyo gharama ya kuamua. Kwa mara ya kwanza, kitendo cha akili kilikuwa kimepimwa kwa saa.

Chaguo nyingi, mkono mzito

Swali lililofuata lilikuwa hili: je, chaguo zikiongezeka, uamuzi huchelewa kwa kiasi gani? Jibu lilitolewa na Mwingereza William Edmund Hick mnamo 1952, na kuthibitishwa mwaka uliofuata na Mmarekani Ray Hyman. Hick alitumia taa 10 na vitufe 10, kimoja kwa kila kidole. Aligundua kwamba kila idadi ya chaguo inapoongezwa maradufu, muda wa mwitikio huongezeka kwa kiasi kile kile. Kutoka chaguo moja hadi mbili, kutoka mbili hadi nne, na kutoka nne hadi nane, nyongeza hukaribia kulingana. Kanuni hiyo hujulikana hadi leo kwa majina ya wawili hao.

Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Walikuwa wakizungumzia watu, lakini msemo huo unafaa hata kwa mawazo ndani ya kichwa kimoja. Mvushaji anayeanza kazi huwa na majibu sita au saba yanayogombana: arudi nyuma, aharakishe, ageuze kushoto, ageuze kulia, apige kelele, asimamishe chombo. Mzoefu amekwisha kuyapunguza. Kwa sehemu ile ya mto, kwa kina kile na kwa mzigo ule, anajua kwamba majibu yanayofaa ni mawili tu. Mkono wake huonekana mwepesi kwa sababu kazi ya kuchagua ilifanyika zamani.

Makocha hutumia kanuni hiyo hiyo kwa njia mbili. Humpunguzia mchezaji wao chaguo kwa kumpa jukumu lililo wazi, na wakati huo huo humzidishia mpinzani chaguo. Mshambuliaji anayeweza kupiga kwa miguu yote miwili humlazimu beki kusubiri zaidi kabla ya kuamua. Huenda mguu wake wa kushoto si hatari kama wa kulia. Inatosha kwamba beki analazimika kuufikiria.

Haraka dhidi ya usahihi

Kuamua upesi si sawa na kutenda vyema. Mmarekani Robert Woodworth alionyesha mnamo 1899 kwamba mkono unapozidishiwa kasi, usahihi wake hupungua, hasa pale jicho linapokosa nafasi ya kuusahihisha njiani. Mnamo 1954, Paul Fitts, naye wa Marekani, aliligeuza jambo hilo kuwa hesabu. Aliwataka watu wagonge vibao viwili kwa zamu kwa kijiti cha chuma. Vibao vilipotenganishwa zaidi, au vilipofanywa vyembamba zaidi, muda wa mwendo uliongezeka kwa kiasi kinachoweza kukadiriwa mapema.

Kwenye madiko ya Mto Tana, kanuni ya Fitts hutimia kila siku bila kutajwa. Diko pana huingiwa kwa kasi. Diko jembamba lililo kati ya mizizi na ukingo uliomeguka halina budi kuingiwa polepole, na mvushaji huanza kupunguza mwendo akiwa mbali. Akijaribu kuingia kwa kasi ileile, lazima alipe kwa kukosa shabaha. Mwili hauna njia ya kupata haraka na usahihi wote kwa pamoja bila gharama. Mtu stadi ni yule anayejua ni lipi linalohitajika zaidi kwa wakati huo.

Kwa nini chenga hufaulu

Jambo jingine ambalo utafiti umelithibitisha ni kwamba ubongo hauwezi kuamua mambo mawili kwa wakati mmoja. Ishara ya pili ikija haraka mno baada ya ya kwanza, hulazimika kungoja zamu. C. W. Telford wa Marekani alilieleza jambo hili mnamo 1931, na Mwingereza Alan Welford akalifanyia uchunguzi wa kina katika miaka ya 1950.

Chenga katika soka ni matumizi ya udhaifu huo. Mshambuliaji huinamisha bega kushoto. Ubongo wa beki huanza kushughulikia jibu la kushoto. Mara mshambuliaji hukata kulia. Beki anaona kila kitu, lakini jibu la pili limesimama mlangoni likisubiri la kwanza litoke. Watazamaji husema beki amelala, kumbe alikuwa macho kupita kiasi na ameitikia ishara aliyotegewa. Ndiyo maana makocha huwafundisha mabeki kutazama kiuno cha mpinzani na mpira badala ya mabega na kichwa. Kiuno ni vigumu kukidanganyia.

Kusoma ishara mapema

Iwapo muda wa mwitikio una kikomo, basi bingwa hufanikiwaje? Jibu kubwa ni kwamba haanzi pale wengine wanapoanzia. Katika miaka ya 1980, mtafiti Bruce Abernethy wa Australia aliwaonyesha wachezaji wa badminton filamu zilizokatwa kabla ya mpinzani kugonga kibadminton. Wachezaji bora waliweza kukisia kitakapoangukia kwa kuutazama mkono na raketi tu. Wanagenzi walihitaji kuona zaidi. Macho ya wachezaji bora hayakuwa makali kuliko ya wengine. Kilichowatofautisha ni kujua pa kutazama.

Penalti ni mfano ulio wazi. Mpira unaopigwa kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa huzimaliza mita 11 kwa takriban sekunde 0.4. Mlinda lango akingoja hadi mpira uondoke mguuni, nusu ya muda huo humalizika kabla hajasogea, na nusu iliyobaki haimtoshi kuufikia mlingoti. Hana budi kuusoma mguu wa kuegemea, pembe ya nyonga na mbio za mpigaji, kisha aamue mapema.

Mashabiki wa Kenya wanakumbuka Agosti 22, 2025, uwanjani Kasarani, pale Harambee Stars ilipoondolewa na Madagascar kwa penalti 4-3 katika robo fainali ya CHAN baada ya sare ya 1-1. Jioni kama hizo huacha lawama nyingi kwa wapigaji na walinda lango. Lakini utafiti wa kundi lililoongozwa na Michael Bar-Eli wa Israeli, uliochapishwa mnamo 2007, unaonyesha jinsi uamuzi huo ulivyo mgumu hata kwa mabingwa. Katika penalti 286 zilizochunguzwa, walinda lango waliruka kushoto au kulia katika zaidi ya asilimia 93, ingawa kubaki katikati kungewaletea mafanikio zaidi. Watafiti hao walieleza kwamba mlinda lango aliyefungwa akiwa amesimama huonekana mvivu, ilhali aliyefungwa akiwa hewani huonekana amejitahidi. Kwa hiyo hata hofu ya kuaibika huingia katika uamuzi wa sehemu ya sekunde.

Kuwahi mno pia ni kosa

Kuna upande wa pili wa kusoma mapema, nao ni hatari ya kutenda kabla ya wakati. Katika mbio fupi, kanuni za kimataifa humhesabu mwanariadha kuwa ameanza vibaya akisukuma vianzio kabla ya sekunde 0.100 kupita tangu mlio wa kuanzia. Hoja ni kwamba binadamu hawezi kusikia, kuamua na kusukuma ndani ya muda huo. Aliyefanya hivyo amekisia. Mnamo 2022, mjini Eugene, Marekani, Devon Allen aliondolewa katika fainali ya dunia ya mita 110 kuruka viunzi kwa muda wa 0.099. Usain Bolt mwenyewe aliondolewa katika fainali ya mita 100 mjini Daegu, Korea Kusini, mnamo 2011 kwa kuchomoka kabla ya mlio.

Katika mashindano makubwa, kila mkimbiaji huwekewa kipaza sauti nyuma ya vianzio vyake. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, hivyo mtu aliye mita 10 mbali zaidi angeusikia mlio akiwa amechelewa kwa sekunde 0.03. Septemba 18, 2021, Ferdinand Omanyala alipoweka rekodi ya Afrika ya sekunde 9.77 uwanjani Kasarani, alimaliza wa pili nyuma ya Trayvon Bromell wa Marekani aliyetumia 9.76. Katika mbio za aina hiyo, sekunde 0.03 ni pengo kubwa.

Mtoni, hesabu ya kuwahi na kuchelewa ni tofauti. Anayeliona gogo akadhani ni mamba, akageuza mtumbwi, amepoteza dakika chache na jasho kidogo. Anayemwona mamba akadhani ni gogo huenda akapoteza maisha. Wataalamu wa upambanuzi wa ishara, elimu iliyoshika kasi katika miaka ya 1950, husema kwamba pale kosa moja linapokuwa ghali kuliko jingine, ni busara kukubali kukosea zaidi upande wa kosa rahisi. Wakazi wa kandokando ya mto hawakungoja vitabu kuwafundisha hilo. Kijana anayecheka wazee kwa kuogopa magogo hajaielewa hesabu yao.

Lami imeongeza kasi, ubongo haukubadilika

Kwa miaka mingi, safari ya Malindi, Garsen hadi Lamu ilikuwa ya vumbi, matope na mashimo sehemu nyingi. Siku hizi lami imefika hadi Lamu kupitia Witu, na magari huenda kwa kasi. Mifugo ya wafugaji bado huvuka barabara kufuata malisho na maji, na pikipiki huingia barabarani kutoka njia za kando bila taarifa.

Dereva aliye macho, anayekutana na jambo asilolitarajia, huhitaji takriban sekunde 1.5 kulitambua, kuamua na kukanyaga breki. Katika muda huo, gari liendalo kilomita 50 kwa saa husafiri mita 21. Kwa kilomita 80 husafiri mita 33, na kwa kilomita 100 mita 42. Hizo ni mita ambazo gari huzimaliza kabla breki haijaguswa. Kisha huja mita za kusimama kwenyewe: kama 35 kwa mwendo wa 80, na kama 55 kwa mwendo wa 100, iwapo breki ni nzima na lami ni kavu. Kwa hiyo ng'ombe aliyetokea mita 80 mbele ya gari liendalo kilomita 80 ana nafasi ya kupona. Kwa gari liendalo kilomita 100, hana, na huenda abiria nao wasiwe nayo.

Ni kwa hesabu za namna hiyo ambapo kanuni za uchukuzi za aliyekuwa waziri John Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, zililazimisha magari ya abiria kuwekewa vidhibiti mwendo visivyozidi kilomita 80 kwa saa. Madereva wengi walilalamika kwamba wanadharauliwa licha ya uzoefu wao. Ukweli ni kwamba uzoefu hufupisha muda wa kutambua hatari zilizozoeleka, lakini hauwezi kuuondoa muda wenyewe.

Uchovu huurefusha zaidi. Mnamo 1997, watafiti Drew Dawson na Kathryn Reid wa Australia walionyesha kwamba mtu aliyekesha kwa saa 17 mfululizo hutenda kazi za mkono na jicho kama mtu mwenye asilimia 0.05 ya pombe katika damu. Dereva aliyeamka saa kumi alfajiri na bado yuko usukanini saa tatu usiku yuko katika hali hiyo bila kuonja tone. Simu nayo ina athari yake. Uchunguzi wa David Strayer na wenzake katika Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, uligundua kwamba mazungumzo ya simu huchelewesha breki hata pale mikono yote miwili iko usukanini. Kinachoshikwa na simu ni akili, na akili ndiyo inayoamua.

Pale kasi isipofaa kitu

Yako mazingira ambamo hakuna mwitikio wa binadamu utakaotosha. Mamba huvizia akiwa amezama karibu na ukingo, kisha hufyatuka kutoka majini kwa ghafla. Aliyeinama kuteka maji haoni ishara yoyote hadi mnyama amekwisha kuanza. Kumwambia mtu huyo awe mwepesi ni kumpa ushauri usiomfaa.

Ulinzi wake uko katika maamuzi yaliyofanywa kabla. Ateke maji wapi, saa ngapi, akiwa na nani, na kwa chombo gani? Ndoo iliyofungwa kamba humweka mbali na maji. Uzio wa miti mtoni hupunguza nafasi ya kuviziwa. Kutorudia mahali pale pale kwa saa ile ile humnyima mamba fursa ya kuzoea. Bomba la maji kijijini huondoa haja ya kwenda mtoni kabisa. Hapo uamuzi umechukua nafasi ya mwitikio, na ndiyo ngazi ya juu kabisa ya ustadi: kutojiweka mahali ambapo ni kasi pekee itakayookoa.

Ustadi hujengwa vipi?

Mnamo 1967, Paul Fitts na Michael Posner walieleza hatua tatu ambazo kila mwanafunzi wa stadi za mwili hupitia. Kwanza hufikiria kila kitendo, akijisemea moyoni la kufanya. Kisha makosa hupungua na vitendo huanza kuungana. Mwishoni mwendo hujiendesha, na akili hubaki huru kutazama mbele. Mtoto wa kandokando ya mto anayepewa kafi hupita humo humo. Mwanzoni hulitazama kafi. Baadaye huutazama mtumbwi. Akisha kuwa mvushaji, huutazama mto.

Hata hivyo, mazoezi ya kurudia kitendo kimoja mahali pamoja hayatoshi. Ziko stadi ambazo mazingira yake hayabadiliki, kama kurusha mkuki katika riadha. Julius Yego, aliyekuwa bingwa wa dunia mjini Beijing mnamo 2015 kwa mtupo wa mita 92.72, huamua mwenyewe aanze lini. Ziko pia stadi ambazo mazingira hubadilika kila mara, kama soka, udereva na uvushaji. Hizi huhitaji mazoezi yenye mabadiliko: ishara tofauti, kasi tofauti, na mambo yasiyotarajiwa. Timu inayofanya mazoezi ya pasi bila wapinzani hujifunza nusu ya mchezo, kwa sababu imefunza miguu bila kufunza uamuzi.

Umri nao haupaswi kueleweka vibaya. Muda wa mwitikio huwa mfupi zaidi katika miaka ya ishirini, kisha hurefuka polepole. Lakini mnamo 1984, Timothy Salthouse wa Marekani aliwapima wapiga chapa na kugundua kwamba wazee walichapa kwa kasi isiyopungua ile ya vijana, ingawa vidole vyao viliitikia polepole. Siri yao ilikuwa kusoma herufi nyingi zaidi mbele. Mzee wa kafi aliye na mikono mizito hufanya vivyo hivyo: huanza kugeuza chombo kabla kijana hajaiona sababu ya kugeuza.

Mwitikio wa jamii nzima

Yanayomhusu mtu mmoja yanaihusu pia jamii. Mto Tana, ulio mrefu kuliko mito yote ya Kenya kwa takriban kilomita 1,000, huanzia nyanda za juu za Aberdare na Mlima Kenya na kuingia bahari kwenye Ghuba ya Ungwana. Mabwawa ya umeme ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere yako juu yake. Masinga likifurika, maji huchukua siku kadhaa kufika nyanda za Garsen. Siku hizo ni muda wa mwitikio wa kaunti nzima.

Mafuriko ya mwishoni mwa 2023 na yale ya 2024 yalikata barabara ya Garsen–Lamu katika eneo la Lango la Simba, yakazamisha mashamba na kuwahamisha maelfu. Aprili 28, 2024, boti iliyokuwa imebeba abiria ilizama katika maji ya mafuriko huko Kona Punda, kaunti ya Tana River. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lilisema watu 23 waliokolewa, na wengine wakapoteza maisha. Chombo kinapopinduka katika mkondo wa aina hiyo, hata mwogeleaji hodari huwa na sekunde chache tu. Idadi ya abiria, jaketi okozi, na kama safari ifanywe au isifanywe ni mambo yanayoamuliwa nchi kavu, pale ambapo bado kuna saa nzima za kufikiri.

Hatua tatu alizopimwa mtu binafsi ndizo zinazoipima serikali na wananchi. Kutambua: je, taarifa ya mabwawa kufurika imefika kijijini, na kwa lugha inayoeleweka? Kuchagua: je, inajulikana mapema watu wahamie mwinuko upi, mifugo ipelekwe wapi, na nani atoe amri? Kutenda: je, boti, mafuta na dawa viko tayari? Penye chaguo nyingi zisizopangwa, amri huchelewa, kama vile Hick alivyoonyesha kwa taa zake. Penye mpango mmoja uliofanyiwa mazoezi, watu huondoka maji yakiwa bado mbali.

Mafunzo kwa walimu, makocha, madereva na wavushaji yanafanana. Punguza chaguo zisizo na faida. Jifunze pa kutazama kabla ya kujifunza kukimbia. Fanya mazoezi yanayobadilika kama mazingira yenyewe. Pumzika, kwa kuwa akili iliyochoka huamua kwa kuchelewa. Na pale gharama ya kosa ni uhai wa mtu, amua mapema, mahali salama. Wahenga walionya kwamba usimtukane mamba kabla hujavuka mto. Sayansi ya mwitikio inaongeza kwamba ni vyema pia kuamua, ungali ukingoni, kama mto huo utauvuka leo au la.